Kulinganisha Vioo vya Darubini Kabla ya Mwezi Kuandama

Darubini si kitu kigeni tena katika nyumba za Waislamu wa mwambao. Huletwa na ndugu waliorejea kutoka Ghuba, hununuliwa na wazazi kwa watoto waliofaulu mitihani, na baadhi hutolewa wakfu misikitini kwa ajili ya kutazama mwezi mwandamo. La kusikitisha ni kwamba nyingi tunazoziona hutumika kwa wiki mbili tatu, kisha hufunikwa shuka na kupandishwa juu ya kabati. Mwenye nayo akiulizwa, hujibu kuwa ni mbovu, au kwamba muuzaji alimpunja. Tangu Mfungo Sita tumezifungua darubini nne za namna hiyo katika mtaa wetu. Tatu kati ya hizo hazikuwa na ubovu wowote. Vioo vyake vilikuwa vimepotoka kidogo kwa misukosuko ya safari, na hakuna aliyewaambia wenyewe kwamba vioo vya darubini hulinganishwa, kama zinavyolinganishwa nyuzi za udi au mizani ya dukani.

Makala haya tunayaandika kwa ajili ya anayeanza, asiyejua hata jina la sehemu moja ya chombo hicho. Kazi yenyewe ni ya saa moja, na haihitaji fundi wa kulipwa.

Kwanza tueleze ni darubini ipi tunayoizungumzia. Zipo zenye lenzi mbele, mfano wa ile ya baharia, na hizo kwa kawaida hazimhitaji mwenyewe kugusa kitu. Tunazozikusudia hapa ni zile za bomba pana lililo wazi upande mmoja, ambazo mtazamaji husimama ubavuni na kuchungulia karibu na mdomo wa bomba. Ndani yake mna vioo viwili. Kioo kikubwa kipo chini kabisa, kimebonyea kama sahani ya chai, na kazi yake ni kuukusanya mwanga. Kioo kidogo, kilicho bapa, kimening'inizwa karibu na mdomo kwa vyuma vyembamba, nacho kimelala kwa pembe ya digrii 45 ili kuutupa mwanga ubavuni, kwenye kijibomba kifupi kinachopokea lenzi ya jicho. Kijibomba hicho sisi tumezoea kukiita shingo.

Umbo hilo hunasibishwa na Isaac Newton wa Uingereza, aliyetengeneza ya kwanza mwaka 1668, ikiwa na urefu wa takriban sentimita 15 tu na kioo cha madini ya shaba na bati. Lakini elimu ya namna kioo kilichobonyea kinavyokusanya mwanga ilikuwa imekwisha kuandikwa kwa Kiarabu zaidi ya karne sita kabla yake. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra mnamo mwaka 965, aliyefia Cairo mnamo 1040, mbali na kitabu chake mashuhuri cha elimu ya kuona, Kitab al-Manazir, aliandika risala mahususi juu ya vioo vya kuunguzia, akibainisha tofauti kati ya kioo chenye mbonyeo wa duara na kile chenye mbonyeo wa parabola. Hiki cha pili ndicho kinachoikusanya miale sambamba katika nukta moja, na ndicho kilichomo katika darubini nyingi nzuri za leo. Hatulitaji hilo kwa kujifaharisha. Tunalitaja kwa sababu baadhi ya wazee wetu wameitazama darubini kana kwamba ni chombo cha watu wengine kilichoingia msikitini kwa mlango wa nyuma.

Kioo cha parabola kina sharti lake. Huikusanya miale kwa usafi pale tu inapoingia sambamba na mhimili wake, na kadiri mtu anavyotoka nje ya mhimili ndivyo nyota inavyoota mkia. Katika darubini yenye kioo cha milimita 130 na masafa ya milimita 650, ambayo wauzaji huiandika f/5, eneo la usafi kamili mbele ya lenzi ya jicho halifiki upana wa milimita 3. Katika ile ya milimita 114 na masafa ya milimita 900, iliyo karibu na f/8, eneo hilo hufika takriban milimita 11. Ndiyo maana ile ndefu husamehe mengi, na ile fupi haisamehi.

Sasa tazama hesabu yake. Kioo kikubwa kikiinama digrii moja tu, mwanga unaorudi hupotoka digrii mbili, na katika masafa ya milimita 650 nukta unapokusanyika husogea kwa zaidi ya milimita 22. Eneo la usafi lilikuwa milimita 3. Wanaoshughulika na kibla wataelewa mara moja, kwani anayeelekea Makka kutoka Dar es Salaam, akikosea digrii moja, mstari wake hupita zaidi ya kilomita 50 pembeni ya Kaaba. Kosa lisiloonekana miguuni pako huwa kubwa huko mwisho wa safari.

Kwa nini jambo hili limetushughulisha hata tukaliandikia gazeti? Msikiti wetu ulipokea darubini ya wakfu kutoka kwa familia moja, kwa niaba ya baba yao aliyetangulia mbele ya haki, wakitaraji iwe sadaka yenye kuendelea. Jioni ya tarehe 29 Shaabani iliyofuata ilipelekwa ufukweni. Kila nyota iliyotazamwa ilitoka na mkia kama kipande cha pamba. Kijana mmoja akasema anaona kitu chembamba cheupe, mwingine akasema ni ukungu tu, wa tatu akaona vitu viwili. Wazee waliokuwapo wakakataa kuichukua shahada ya yeyote kati yao, na kwa hali ile walikuwa na haki. Ila hukumu iliyotolewa kwa kijana ilihamishiwa kwa chombo, na chombo kikafungiwa stoo pamoja na mikeka mikuukuu. Miezi minane baadaye binti wa marehemu alimuuliza mke wa imamu, kwa adabu sana, kama ile darubini ya baba inatumika. Swali hilo lilifika kwenye kikao cha kamati, na hapakuwa na wa kulijibu.

Aliyetutoa hapo ni fundi saa mmoja mwenye kibanda karibu na stendi, ambaye aliomba aione. Aliitazama kwa dakika chache na kusema, "Hii haijafa, sheikh. Safu zake zimepinda tu."

Basi tuingie katika kazi yenyewe.

Fanya mchana, kivulini au ndani ya chumba chenye mwanga wa kutosha, na usiuelekeze kamwe mdomo wa bomba upande wa jua. Ilaze darubini juu ya miguu yake bomba likiwa mlalo, lisisimame wima. Sababu ni kwamba bisibisi au skrubu ikikuponyoka na bomba limesimama, itaangukia kioo kikubwa moja kwa moja.

Kifaa cha kwanza utakitengeneza mwenyewe. Darubini nyingi huja na kifuniko cha plastiki cha kuzibia shingo. Kipime katikati yake kwa makini, ukitoboe tundu la milimita 2 hivi, na upande wa ndani ubandike karatasi nyeupe yenye tundu mahali palepale. Ukikirudisha kwenye shingo na kuchungulia, jicho lako litalazimika kukaa katikati, jambo ambalo ndilo msingi wa kila kitu kitakachofuata. Kifuniko hiki hakina gharama, nasi tumekiona kikifanya kazi sawasawa na vifaa vya kununua.

Vipo pia vifaa vya kununua vinavyorusha mwale mwekundu. Ni vizuri, kwa sharti moja. Kifaa chenyewe kinaweza kuwa kimepotoka tangu kiwandani, na hapo kitakupotosha kwa uhakika mkubwa. Kijaribu kwa kukizungusha ndani ya shingo huku ukitazama alama yake nyekundu kwenye kioo. Ikitulia mahali pamoja, kitumie. Ikichora duara, ni mizani iliyochezewa, na mizani ya namna hiyo huiachi dukani.

Kisha tafuta alama ya katikati ya kioo kikubwa. Vingi huja na kiduara kidogo kilichobandikwa kiwandani. Alama hiyo haipunguzi chochote, maana sehemu hiyo ya kioo daima imo katika kivuli cha kioo kidogo. Kama haipo, mwachie mwenye uzoefu aibandike, kwa kuwa itabidi kioo kitolewe.

Sasa chungulia. Jambo la kwanza ni kioo kidogo kuonekana kimekaa katikati ya shingo. Umbo lake halisi ni la yai, lakini kwa kuwa kimelala kwa digrii 45, utakiona kama duara kamili. Anayeanza huchanganyikiwa hapa kwa sababu anaona vitu vingi kwa pamoja: duara ndani ya duara, vyuma, jicho lake mwenyewe. Dawa yake ni karatasi mbili. Moja, ya rangi, ibandike kwenye ukuta wa ndani wa bomba ng'ambo ya shingo. Nyingine, nyeupe, iteremshe kati ya vioo viwili ili kioo kikubwa kisionekane. Sasa utaona duara moja tu juu ya rangi. Likiwa limeelemea upande wa mdomo au upande wa chini, kisogeze kioo kidogo kwa skrubu ya katikati. Likionekana kama yai, kizungushe kidogo kwenye mhimili wake. Mara nyingi hatua hii ikishafanywa vyema hairudiwi kwa miezi.

Ondoa karatasi nyeupe. Kuzunguka ile skrubu ya katikati ya kioo kidogo kuna nyingine tatu ndogo, ambazo kwa kawaida hufunguliwa kwa alenkii. Hizi huinamisha kioo kidogo. Unachotaka ni kukiona kioo kikubwa chote ndani ya kile kidogo, pamoja na vishikizo vyake vitatu pembeni, na ile alama ya katikati iwe katikati kweli. Kanuni ya fundi wetu ni kwamba usikaze skrubu moja kabla ya kulegeza nyingine, na usizungushe zaidi ya robo kwa mara moja. Tumemwona mtu mzima akikaza zote tatu kwa nguvu ya kufungia gurudumu la baiskeli. Hilo halileti unyoofu, huvunja tu.

Hatua ya mwisho ya mchana ndiyo utakayoirudia mara nyingi katika maisha ya darubini, nayo ni ya kioo kikubwa. Nyuma ya bomba kuna skrubu za jozi tatu. Katika kila jozi moja husogeza na moja hufunga. Legeza za kufunga kwanza. Kisha chungulia: utaona, kupitia kioo kidogo, taswira ya kile kifuniko chako cheupe, na katikati yake kitone cheusi, ambacho ni tundu lenyewe. Zungusha skrubu za kusogeza hadi kitone hicho kiingie ndani ya alama ya kioo kikubwa. Kikisogea upande usioutaka, irudishe ulikotoka na ujaribu nyingine. Ukimaliza, kaza za kufunga kwa upole, ukichungulia tena, kwa kuwa kukaza nako husogeza.

Hatua hii ndiyo inayoifanya kazi hii kuwa ya familia. Mkono wa anayechungulia mara nyingi haufiki nyuma ya bomba. Mmoja hutazama, mwingine huzungusha, na lazima wasikilizane: "kidogo," "rudi," "hapohapo." Katika nyumba moja tuliyoitembelea, binti wa miaka kumi na mmoja ndiye alikuwa jicho na baba yake ndiye alikuwa mkono. Baba alikuwa na haraka. Binti akamwambia, "Baba, subiri nikuambie kwanza." Mama aliyekuwa akisonga ugali alicheka hadi akaacha mwiko. Walimaliza kwa dakika ishirini.

Lipo jambo moja linalowasumbua waangalifu kuliko wazembe. Katika darubini fupi, baada ya kila kitu kukaa sawa, kivuli cheusi cha kioo kidogo huonekana kimeelemea kidogo upande wa kioo kikubwa. Hilo ni umbile la chombo, si kasoro. Anayelifukuza ataharibu alichokwisha kukinyoosha. Alama na kitone vikikutana, kazi imekwisha.

Usiku hutoa hukumu. Itoe darubini nje nusu saa kabla, ili kioo kipoe na kulingana na hewa. Vitabu vingi vya Ulaya humwambia mwanafunzi atumie Nyota ya Kaskazini kwa sababu haihami. Ushauri huo hautufai sisi tulio kusini mwa ikweta, maana nyota hiyo kwetu iko chini ya upeo wa macho. Chagua nyota yoyote angavu iliyo juu sana angani, mbali na mvuke wa upeo. Suheli, ambayo mabaharia wetu wanaijua tangu zama za majahazi, hufaa sana majira inapopanda. Tumia ukuzaji mkubwa, mara 130 au zaidi, iweke nyota katikati kabisa, kisha iharibu kidogo kwa kuizungusha shingo nje ya usahihi. Nyota itageuka kuwa pete ndani ya pete, na tundu jeusi katikati. Pete zikiwa zimelingana pande zote, mshukuru Mola wako na uendelee kutazama. Zikibanana upande mmoja, zisogeze kwa skrubu za kioo kikubwa, robo ya robo kwa mara moja. Nyota itahama, irudishe katikati, utazame tena.

Wanunuzi tunawatahadharisha na aina moja. Zipo darubini za bomba fupi, urefu kama nusu mita, zilizoandikwa masafa ya milimita 1000. Bomba fupi halizai masafa marefu hivyo bila lenzi ya ziada iliyofichwa ndani ya shingo, na lenzi hiyo huvuruga yote tuliyoyaeleza, kwani ukichungulia kwa tundu huoni sawasawa. Anayeanza na aiache dukani.

Tuliahidi darubini nne, tukaeleza tatu. Ya nne kioo chake kilifutwa kwa kanga na dawa ya kusafishia madirisha. Kioo cha kabati kina rangi yake nyuma, na bilauri yenyewe huikinga. Kioo cha darubini kina utando wake wa alumini mbele, mwembamba mno, na mkono wa kwanza wa kufuta huukwaruza. Vumbi kidogo halidhuru. Lipulize kwa mpira wa hewa, uliache linalobaki. Adui wa kweli hapa pwani ni chumvi na unyevu, basi funika mdomo wa bomba kila baada ya kutumia, na usiihifadhi darubini kwenye ukumbi ulio wazi kwa upepo wa bahari.

Kuhusu jua hatutalainisha maneno. Anayechungulia jua kwa darubini, hata kwa kupitisha jicho mara moja, anaweza kulipoteza jicho hilo, na hatahisi maumivu ya kumwonya. Hatari hii ni kubwa zaidi kwetu, kwa kuwa mwezi mwandamo hukaa jirani na jua, na vijana huwa na pupa ya kuanza kuutafuta kabla halijatua. Jua lote lizame kwanza, ndipo kifuniko kitolewe. Mtoto asiachwe peke yake na darubini mchana, na bomba lisiachwe wazi barazani, kwani kioo kile kile kinachokusanya nuru ya nyota kinaweza kuwasha moto.

Limebaki suala la mwezi wenyewe. Kama shahada ya aliyeona kwa darubini inakubalika, hilo wanazuoni wa zama zetu wamelitofautiana, na kulitatua si kazi ya katibu wa msikiti. Wapo wanaoihesabu darubini kuwa msaada wa jicho, wapo wanaoshikilia jicho tupu, na wapo wanaoitumia kupatia mahali pa mwezi kisha wakauthibitisha kwa macho. Tutakalosema ni kwamba kwa rai yoyote kati ya hizo, chombo kilichopotoka hakimsaidii shahidi. Kwa wenye rai ya kwanza kinadhoofisha shahada. Kwa wengine kinapoteza zile dakika chache kabla mwezi haujazama. Hilali ya usiku wa kwanza ni uzi hafifu katika anga lenye nuru ya magharibi, na nuru iliyotawanywa na vioo vilivyopinda huufuta uzi huo.

Wala darubini iliyonyooka haileti mwezi usiokuwapo. Mwanafalaki Mfaransa André Danjon alibainisha, katika miaka ya 1930, kwamba hilali haionekani mwezi unapokuwa umejitenga na jua kwa chini ya digrii 7 hivi. Mwezi hujitenga na jua kwa takriban nusu digrii kila saa, kwa hiyo mwezi wenye umri wa saa tano au sita hautaonekana hata na darubini iliyolinganishwa na mikono mia. Anayekuja na shahada ya namna hiyo aulizwe kwa upole aliona wapi, pembe zake zilielekea wapi, na nani alikuwa pamoja naye. Asiaibishwe mbele ya watu.

Darubini ya wakfu sasa iko chini ya uangalizi wa fundi saa na wanafunzi sita wa madrasa, wanne kati yao wasichana, na daftari la matumizi yake husomwa kwenye kikao cha kila mwezi. Familia ya marehemu imepelekewa nakala ya kurasa za mwanzo. Kila ikisafirishwa kwenda ufukweni, kifuniko chenye tundu huenda nayo, kimefungwa kwa uzi kwenye mguu mmoja ili kisipotee, na vioo hukaguliwa palepale kabla ya Magharibi, migongo ikiwa imeelekezwa jua.

Jumamosi ya kwanza ya Shaabani, baada ya sala ya Alasiri, ukumbi wa madrasa utakuwa wazi kwa yeyote mwenye darubini iliyolala kabatini. Hakuna malipo. Waje na bisibisi ndogo, alenkii kama zilikuja na chombo, na mtu wa pili wa kuzungusha skrubu.